Miguu ya Gaudensia Njiani

Kila asubuhi, kabla hajatia mguu kwenye gambuti, Bibi Gaudensia wa Gitting husikiliza korongo. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya mpaka wa hifadhi ya msitu. Mlima Hanang uko kichwani kwake, na maji ya korongo yanapita chini ya shamba lake la maharage. Kiangazi yananong'ona tu. Masika yanapiga kelele mpaka mtu akigonga mlango husikii.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha siku nne bila kupumzika. Akatega sikio. Hakuna kitu.

Akajitupia shuka, akaenda mpaka ukingoni. Mawe yamelowa, yanang'aa, na maji hayapo. Chura hata mmoja halii. Mbuzi wake wawili aliwafungulia, wakagoma kutoka.

Mtu mwingine angesema afadhali, leo tutavuka bila kulowa. Gaudensia alirudi nyuma kutoka ukingoni. Desemba ile tope liliposhuka kutoka mlimani, alikuwa akiishi upande wa Katesh, na alfajiri ile pia kijito cha nyuma ya nyumba kilinyamaza huku mvua inanyesha. Alikisikia. Alijua maji hayapotei hivihivi, yamezibwa huko juu na miti na mawe, yanajikusanya. Lakini wiki hiyohiyo alikuwa amewaambia majirani kwamba mlima una jambo, wakamcheka, naye akaapa hafungui mdomo tena. Akakaa kimya kwa kiburi chake. Haikupita saa, tope likamchukua binti yake Letisia, mama wa mjukuu wake Hilda. Habari ya kile kijito hajamwambia mtu, hata padri.

Na sasa Hilda anakimbia. Ana miaka ishirini na miwili, amebaki yeye tu. Yuko kwenye kundi la jogingi la Katesh, watu kumi na mmoja, na kila Jumamosi asubuhi wanakuja kukimbia njia ya msituni. Njia hiyo inashuka korongoni, inavuka, inapanda upande wa pili. Bibi akampigia simu. Haipatikani. Hilda akikimbia huizima.

Akiwaeleza, watamsikia? Alijijibu mwenyewe. Akachukua gunia na fimbo, akaenda mahali njia inapobanwa, mwamba huku, upupu kule. Akatandika gunia katikati, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili kukata njia.

Kwa watu wa huku, kuruka miguu ya mzee ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Na ukiteleza ukamruka, unarudi hapohapo, unamruka tena kuelekea ulikotoka, ili ufungue njia ya kurudi uliyojifungia.

Saa kumi na mbili na nusu wakatokea, raba zinapiga matope.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Hamjambo? Nyumbani kwenu wote wazima? Ng'ombe je?"

Raya, rafiki yake Hilda, akacheka huku anahema. "Bibi, sisi kwetu hakuna ng'ombe, kuna duka la vitenge."

"Basi duka halijambo?"

Wakacheka wote, isipokuwa Mwalimu Hilary, kiongozi wao. Huyu alikuwa mgeni, amehamia mwaka jana tu, filimbi shingoni, saa mkononi ya kumhesabia hatua. "Bibi, tunaomba njia. Tunachelewa."

"Njia ndiyo hii nimeikalia. Korongo limenyamaza. Leo hapiti mtu."

"Limekauka. Si ndiyo vizuri?"

"Siku nne za mvua, mwalimu. Wewe ulisoma wapi maji yanakauka kwenye mvua?"

Hilda akachuchumaa, akasema kwa sauti ya chini. "Bibi, jamani, unanitia aibu mbele za watu."

"Aibu utaoga, itatoka. Kaa hapo."

Walisimama. Mmoja alijaribu kupita kwenye upupu, akarudi anajikuna. Hilary akatazama saa yake. "Watu wazima kumi mnaogopa miguu ya bibi?" akasema, na kabla Raya hajamaliza kusema "Mwalimu, usi...", yeye alikwisha kuiruka.

Hakuna aliyecheka.

"Rudi," Gaudensia akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Rudi uniruke tena, ufungue."

"Nikirudi, bibi, nitaruka mara mbili," akajibu, akateremka.

Wakamsikia raba zake kwenye mawe, kisha sauti kutoka chini. "Kukavu kabisa! Hilda! Njoo uwaonyeshe hawa waoga!"

Hilda akanyanyua mguu. Bibi akamdaka kamba za raba, akazizungusha kidoleni mara tatu.

"Bibi, niachie."

"Niburuze basi. Kama una moyo huo, niburuze."

Hilda akabaki kasimama mguu mmoja, macho yamejaa machozi ya hasira. Ndipo harufu ikaja, harufu ya udongo mbichi, kama kaburi limechimbwa sasa hivi. Ndege wote wakaondoka kwa pamoja. Ardhi ikaanza kutetema chini ya gunia, Gaudensia akaisikia kwenye mifupa ya makalio, akafumba macho, maana alikuwa anaijua.

Tope lilipita chini yao likiwa refu kuliko nyumba. Miti inapita imesimama wima, inazunguka, halafu inalala. Kwa kelele yake, hata ukilia mwenyewe hujisikii. Lilipopungua, njia ya kushukia ilikuwa imekatwa kama mkate.

"Mwalimu!" Raya akaita. Wakaita wote.

Mbali, upande wa pili, filimbi ikalia mara moja. Halafu basi.

Vijana walipiga simu kijijini, wanaume wakatoka kumtafuta mwalimu kwa kuzungukia juu. Gaudensia aliambiwa ainuke, akakataa. Uji alioletewa aliunywa palepale, miguu imenyooka.

"Siinuki mpaka arudi aniruke. Nikiinuka nitakuwa nimemfungia huko."

Hilda akakaa kando yake. Bibi akasema, "Siku ya mama yako pia kijito kilinyamaza. Nilikisikia. Sikusema."

Hilda hakuondoka.

Saa nane mchana wakamleta Hilary, raba moja, uso wote udongo, filimbi bado mdomoni kama mtoto na titi. Akasimama mbele ya bibi kizee, upande wa korongo. Akaitoa filimbi mdomoni.

"Usiongee," Gaudensia akasema. "Ruka."

Akaruka, polepole, akarudi upande alikotoka asubuhi. Ndipo bibi akanyoosha mkono ainuliwe, na ikabidi watu wawili wamnyanyue.

Jumapili Gaudensia aliamka, akatafuta gambuti kwa mguu. Hilda alikuwa ameshasimama mlangoni, mlango wazi, mvua inanyesha nyuma yake.

"Bibi, shikamoo. Korongo limenyamaza tena."

Gaudensia hakuitikia marahaba.

"Anza kwa jirani Tluway, nyumba yake ndiyo iko chini kabisa korongoni," akasema, anavuta gambuti. "Gonga mpaka afungue. Akikucheka, gonga zaidi."