Pamba Iliyoshindiliwa Mno

Wenzake chuoni walimwita Bibi Nyundo, kwani alianza kujifunza kuunda mashua akiwa na miaka hamsini na minne. Alicheka nao, lakini kilichomleta alikifungia moyoni. Mashua iliyozama na mwanawe iliundwa na mumewe, na tangu siku hiyo mzee hakushika tena nyundo.

Leo walikuwa wakishindilia pamba kati ya mbao ili maji yasipenye. Alitwanga kama mwenye ugomvi nayo, mpaka mwalimu akamshika mkono.

"Taratibu, mama! Mbao ikinywa maji inavimba. Ukijaza pamba kupita kiasi, misumari itang'oka, mashua izame."

Akaiweka nyundo chini. Akilini alimwona mumewe miaka ile, akishindilia pamba kila kiungo mara tatu, huku akisema, "Hii ni ya mwanangu. Haitavuja hata tone."

Jioni mzee akamwuliza, kama kawaida yake, "Leo mmefundishwa nini?"

"Kupiga randa tu, mume wangu," akajibu, akimmiminia chai.

Mzee akanyoosha mkono, akamwondolea nyuzi za pamba kwenye mtandio. Akazitazama kwa muda mrefu, kisha akazifumbata kiganjani.