Reino Achukuliwa kwa Nyongeza

Reino Lahtinen hajui kukaa kitako. Tangu alipoanza kutambaa, kilichomtuliza ni barafu tu, na barafu yenyewe si ya kukaa, ni ya kukimbizana. Kazi yake kucheza hoki ya barafuni, tena nyuma, kule kwa kuzuia na kupigwa. Meno ya mbele hana. Timu yake kaivunjikia mbavu miaka na miaka, na goti sasa limeanza kumgomea.

Mwezi wa sita karudi kwao Thunder Bay, kwa mama yake, Aili, na siku ya majina kutangazwa hakushikika. Kulikuwa kunaundwa timu mpya, huko jangwani. Kila timu ya zamani inawafungia ndani wachezaji inaowapenda, waliobaki wanaachiwa mlango wazi, timu mpya inachota mmoja kwa kila timu. Reino kaachiwa mlango wazi. Asipochotwa, basi hatakiwi huku wala huko.

Asubuhi akafyeka nyasi kwa mashine. Mchana akafyeka zilezile.

"Sasa unanyoa udongo!" Gaston, jirani, akamrushia kutoka upande wa pili wa ua. "Huko jangwani utafyeka mchanga, bwana!"

"Nani kakwambia nataka kwenda?"

"Hiyo mashine yako."

Jioni mama akawasha televisheni, akamimina kahawa.

"Kaa, unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa, mama."

"Umesimama."

Jina lake likatajwa. Reino akamnyanyua mama yake juu juu, mtu mzima yule, kahawa ikamwagika mpaka kwenye zulia. Mtangazaji naye hakunyamaza. Akasema timu ya Reino imetoa na kijana wake mmoja hodari kama nyongeza, ili timu mpya ikubali kumchukua Reino. Kama muuza samaki anayekuongezea mzima, mradi umwondolee yule aliyeanza kunuka. Watu hawana haya!

"Wamewahonga ili niondoke," Reino akasema.

"Ulitaka kuchukuliwa. Umechukuliwa."

"Hivi, mama?"

"Ulidhani watakuja na posa?"

Akatoka. Mashine ikaunguruma tena, juu ya nyasi ambazo hazipo. Gaston, naye kaisikia habari, akaja mpaka kwenye ua, akafungua mdomo, akaufunga.

Reino akazima mashine. "Haya, sema."

"Sina la kusema, kaka."

"Wewe? Huna?"

Reino akaiwasha mashine haraka, akaisukuma mpaka mwisho wa ua, akageuza, akarudi nayo.