Ukumbi Mzima Wachumba wa Atupele

Nichekeni tu. Tovuti ya ushirika wetu wa mpunga hapa Ngonga niliitengeneza mimi, nikajitapa kwamba itamkaribisha kila mtu kwa jina lake. Asubuhi ya uzinduzi nikaijaribu, nikajiandika “Mchumba wa Atupele”. Atupele ni binti wa mwenyekiti, na hata kumsalimia sijawahi kuthubutu.

Kumbe jina lile sikuliacha kwenye simu yangu. Nililiweka kwenye seva, kompyuta inayohudumia simu zote, ambako kumbukumbu ni moja kwa wote, kama sinia la wali wa msibani.

Ukumbini, wanachama wakafungua tovuti kwenye simu zao. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kwa sauti: “Karibu, Mchumba wa Atupele!”

“Mwe bandu, jamani!” bibi mmoja akaruka. “Hata mimi ni mchumba!”

Mwenyekiti akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu.

“Humu ndani kapera ni fundi peke yake.”