Kibao Changu cha Historia pale Songwa

Nilitunga historia ya uongo, nikaiandika kwa rangi kwenye bati, nikalichomeka kando ya barabara mbele ya shamba la viazi la mama yangu, na kama kuna aibu iliyozidi hiyo hapa Songwa basi mwenyewe bado hajajitokeza.

Nia ilikuwa safi (karibu safi). Mama anauza karanga na michembe, vile viazi vikavu vinavyopima uimara wa meno, na magari yanampita vuuu, lakini kule mbele kuelekea Mwadui, kwenye kibao cha historia ya almasi, watu wanashuka, wanapiga picha, wananyoosha miguu, wanatafuta cha kutafuna. Nikasema, kumbe tunachokosa sisi ni historia tu! Nikaandika kwa herufi kubwa: HAPA NDIPO ALMASI YA KWANZA ILIPOOKOTWA.

"Kibao cha nani hicho, ng'wanawane, mwanangu?" mama akauliza.

"Cha serikali, mama," nikajibu bila kupepesa.

Jumamosi gari likasimama, babu mmoja akavua kofia kwa heshima mbele ya bati langu (bati la banda la kuku, jamani), akanunua michembe, wajukuu zake wakapiga picha wakazirusha mtandaoni, nami nikajiona waziri wa utalii.

Jumapili tunatoka kanisani, tunakuta shamba limejaa watu wenye sururu na chekeche, wanachimba kwelikweli, na viazi ambavyo mama alivitegemea kwa michembe ya mwaka mzima vinarushwa huku na huku, vingine bado vidogo kama vidole. Nikapanda juu ya ndoo, mbele ya waumini wote tuliotoka nao, nikapaza sauti: "Jamani, kibao nimeandika mimi! Ni uongo mtupu!"

Jamaa mmoja mwenye chekeche akaangua kicheko. "Dogo, unataka tuondoke ubaki unachimba peke yako?"

"Na angalieni alipoiweka ndoo!" akadakia mwenzake, wakanisogeza kando, wakaanza kuchimba hapohapo nilipokuwa nimesimama.

Tangu siku hiyo siandiki hata jina langu ukutani.

Mama hakupiga kelele. Alijifunga kanga, akachukua beseni, akawa anaokota viazi nyuma ya wachimbaji. Nikamfuata, nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mbona huwafukuzi?"

"Hawa watachoka, wataondoka," akasema bila kuniangalia. "Wewe unabaki na mimi."