Mtikisiko Gatini

Ismaili Chitanda wa Msimbati alikuwa na kazi mbili, na zote alizifanya kwa uaminifu: kufunga kamba za meli bandarini Mtwara, na kupiga ngoma ya sindimba, ile ya kutikisa viuno. Hakuwahi kuzichanganya, mpaka mwaka ule wa 2009.

Benki za Ulaya zilikuwa zimeyumba. Wanunuzi wa korosho wakakosa mikopo, shehena ikakauka, na MV Mkunazi, meli pekee ya kampuni ya nyumbani, ikakaa gatini mpaka ndege wakaizoea. Makuli waliulizana jambo moja tu: itabaki au itauzwa? Ikiuzwa, Ismaili hana kazi.

Mkewe Zuhura, muuza chai wa getini, akarudi na habari. "Baba Asia, Jumamosi bosi anawaita nyote. Katangaza mtikisiko wa dunia nzima!"

"Dunia nzima? Bila ngoma zetu?"

"Waniuliza mimi?"

Jumamosi Ismaili alifika na ngoma tatu na wachezaji wa kijiji kizima, akawasha makumbi ya nazi kuzipasha moto. Alipozipiga, viuno vikaitikia. Bwana Danieli, meneja wa kampuni, mtu wa Moshi aliyependa maneno makubwa, akatoka na tai yake.

"Ismaili! Nini hiki?"

"Mtikisiko, bosi. Si umetuita?"

"Nilisema mtikisiko wa uchumi!"

Makuli walicheka mpaka wakashikana. Ismaili hakucheka. "Bosi, uchumi hauna kiuno. Sema wazi: meli inabaki, haibaki?"

Danieli akalegeza tai. "Imeuzwa Msumbiji. Nahodha wao yumo ndani, anaondoka nayo leo."

Afadhali alisema. Habari mbaya haivishwi kanzu.

"Basi haitoki kimyakimya!" Ismaili akaipiga ngoma kwa hasira, mpaka hasira ikaisha, ikabaki raha. Nahodha Josephu, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, akatokeza juu ya ngazi. Mabega yalikuwa yameshaanza bila ruhusa yake. Akashuka akicheza, kofia mkononi, akiuliza kwa Kimakonde mpigaji ni nani.

"Ni mimi. Na kamba zako nimezifunga mimi."

"Baharia wangu wa kamba ameugua, nimemwacha kwetu. Unakuja?"

Ismaili akamtazama Zuhura.

"Nenda, Baba Asia! Lakini viuno vya huko usivitazame sana!"

Akaifungua kamba ya mwisho, akarukia melini na ngoma yake kifuani. Gatini, Bwana Danieli alivua tai, akaipunga, na kiuno chake, jamani, kikajaribu.