Mtungi wa Marehemu Mama

Kicheko kile kilikuwa kifupi, kama bakuli linalopasuka sakafuni, na miaka saba haikuweza kukifuta masikioni mwa Chanpheng. Siku hiyo walikuwa wanagawana urithi wa mama. Kaka yake alipata shamba la mpunga na nyati wanne wa kulimia. Yeye akapata mtungi wa nili, rangi ya buluu ya kutia vitambaa, pamoja na yote aliyofundishwa juu yake. Ndipo Onsi, mke wa kaka yake, akacheka: "Hongera, wifi! Umerithi maji yanayonuka."

Maji hayo yalimlisha. Kila alfajiri aliyakoroga, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akajua kama yanataka chokaa au ukwaju. Vitambaa vyake vilivaliwa mpaka ng'ambo ya mto Mekong. Lakini nili ni kitu hai, tena chepesi kuudhika. Wanawake wa kijiji hawausogelei mtungi wakitoka mazishini, wala wakiwa na hasira. Ukisusa, unakufa, na haufufuki bila mbegu, yaani kata moja ya maji hai kutoka mtungi mwingine.

Asubuhi moja Onsi alitokea kati ya nguzo zilizoinua nyumba, mtungi ulipokaa kivulini, bakuli tupu mkononi.

"Wifi, umekula?"

"Nimekula. Lakini hukuja kuulizia wali wangu."

"Mtungi nilioununua mjini umekufa. Nimeuua mwenyewe, nimeugombeza kama mume." Akameza mate. "Harusi ya binti yangu Dala ni mwezi ujao, na sina hata kitambaa kimoja cha kuwapa wazee wa bwana harusi. Naomba mbegu. Nitakupa nyati."

"Nimlaze wapi, kitandani?"

Hata hivyo Chanpheng alichukua kata, akainama. Mkono ukagoma. Povu la buluu lilikuwa limetulia, ila kifua chake kilikuwa kinachemka. Akichota hivi, mitungi yote miwili itakufa, na huu wa mama hauna mwingine. Angeweza kujifanya ametulia, lakini mtungi haudanganyiki.

Akaketi, kata mapajani.

"Siwezi, wifi. Si kwamba nakunyima. Bado nina hasira na wewe."

Onsi naye akaketi mavumbini, na sketi yake ya hariri.

"Siku ile nilikuona umeukumbatia huo mtungi, unalia," akasema. "Mimi nilikuwa na nyati wanne, na sikuwa na kitu cha kukumbatia. Nikacheka. Nisamehe."

Kivuli cha ngazi kilisogea mpaka kikawafikia. Kuku akapita kati yao. Onsi akamfokea, kisha akakumbuka alipo, akaziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka.

Chanpheng akajikuta anatabasamu. Akaweka mkono kifuani, akasikiliza kidogo, kama mtu anayepima joto la chungu. Kulikuwa kumepoa.

Akasimama na kata, akainamia mtungi mpaka pumzi yake ikaligusa povu.

"Usiogope, mama," akanong'ona. "Ni Onsi. Ni wa kwetu."