Uvimbe Ambao Doris Alikataa Kuukata

Pale kijijini Masieda, mwenye jipu alikwenda kwa Mama Agatha. Mama huyu alikuwa na wembe mpya, maji ya moto na ulimi mkali kwa wagonjwa: "Mzee mzima unalia, mkeo akuone?" Mkono wake haukutetemeka, na kujisifu alijua.

Kwa hiyo ulipomtokea uvimbe kwenye kinena, mgumu, hakuhangaika. Mguuni alikuwa na kidonda cha mwiba, akasema ni mtoki tu, tezi iliyovimba kwa sababu ya kidonda. Akaukanda kwa kitambaa cha moto. Uvimbe haukushuka wala kuiva. Ukawa mwekundu, homa ikapanda, akaanza kutapika. Hapo ikamwingia ile hofu aliyozoea kuicheka kwa wengine.

Mwenyewe hakuweza kupaona vizuri. Nyumbani alikuwapo Doris tu, mke wa mwanawe, ambaye Agatha alikuwa akimfundisha kazi hiyo.

"Chukua wembe, kata."

"Hapana, mama. Wewe ni mkwe wangu. Hapo siwezi kupaangalia."

"Kwa hiyo nife kwa aibu yako?"

Doris akautupa wembe chooni, akakimbia kuita bodaboda. Agatha alimtukana mpaka maumivu yakamnyamazisha.

Hospitalini Mbulu, daktari kijana alimwamkia shikamoo, kisha akabonyeza chini ya mkunjo wa paja. Uvimbe haukurudi ndani.

"Mama, huu si mtoki. Ni ngiri: kitu cha tumboni kimepenya hapa, kimenasa. Lazima tukupasue leo."

Agatha aling'ang'ania kanga ya Doris mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. "Naogopa," akamwambia. "Naogopa sana."

Kesho yake daktari alikuja kitandani. "Nilitegemea kukuta utumbo. Nimekuta kidole tumbo kimeteremka mpaka pajani, kimebanwa, kimeanza kuoza. Nimekitoa, nikaziba tundu."

"Nilitaka kukatwa nyumbani," Agatha akasema polepole.

"Wembe ungekipasua, na usaha ungekumaliza."

"Kwa nje mtu angejuaje?"

"Hata mimi sikujua mpaka nilipofungua."

Nesi alipokuja kubadilisha bandeji, Doris aligeukia ukutani ili asimwone mkwewe.

"Geuka, mwanangu," Agatha akasema. "Njoo uangalie ulipokataa kukata."

Mkono aliomnyooshea ulikuwa unatetemeka.